Sitamfunika Ulrich

Nakivale, Base Camp

Baba Ulrich mupenzi,

Tuko wazima, maharagwe imechanua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningelia.

Uliniomba nikija Kakiika unakofanya kazi nimfunike mtoto na kikwembe mgongoni, wenzako wa kazi wasione shingo yake inavyolegea. Mama yako anasema ni laana. Daktari wa Mbarara alinieleza kwamba uchungu wangu ulichukua muda mrefu, mtoto akakosa pumzi. Si laana, mume wangu, na si kosa lako.

Daktari alisema nimbebe kiunoni, miguu iachane, isikakamae. Jumapili nitashuka naye hivyo, uso wazi. Utupokee ku staji ya magari mbele ya wenzako. Ukimshika, weka mkono chini ya shingo, kisha mwite. Sauti yako anaijua. Ukipiga simu anacheka.

Mke wako,
Pascaline