Sitaitikia Uongo

Jumatatu, 3 Machi

Kifurushi, mwanangu, anaota meno. Maumivu ni yake, macho mekundu ni yangu. Kazini Bi Mvuke, mwenzangu wa kwenye mashine ya pasi, ameniangalia mara moja tu akasema leo nisiguse kitu chochote cha moto, nikunje tu. Basi nimekunja. Mashuka ya hoteli nzima, taulo, vitambaa vya meza. Nimekunja hata aproni ya Bi Mvuke aliyoivua kidogo apumue.

Mchana Kijiko kapiga simu. Albamu yake inatoka Ijumaa. Ijumaa hii hii! Inaitwa Sikunjiki. Anaongea huku anacheka, huku analia. Mdogo wangu yule, aliyekuwa akiimbia kijiko cha chai jikoni mpaka jina likamganda — leo ana albamu! Nimemuuliza inahusu nini. Kasema inahusu mtu kukataa maisha aliyopangiwa na wengine. Nikamwambia sawasawa, mama, waambie! Bi Mvuke kauliza kelele za nini. Nimemjibu sisi ndio wenye albamu sasa, aanze kuzoea.

Ijumaa, 7 Machi

Nina hasira mpaka mwandiko unakwenda upande.

Tangu asubuhi tumefungulia redio. Wimbo wa kwanza, tumecheza. Wa pili, Bi Mvuke kamkumbatia shuka kama mchumba, kazunguka naye chumba kizima cha kufulia. Wa tatu unaitwa "Kabatini."

Dada yangu alikunjwa, akawekwa kabatini,
sauti yake akaimeza, mtoto yuko mgongoni.

Nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka, Bi Mvuke kashika mbili zile nyingine. Hakuna aliyekunja. Tumesimama hivyo kama tunaanika.

Wimbo ukaendelea. Dada anayeamka kabla ya jua kwenda kukunja nguo za watu. Dada aliyesema ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka neno hapana likamtoka kichwani.

Mimi! Mimi nisiyejua hapana! Nani alimwambia Mama hapana, Mama alipotaka Kijiko akasomee uhasibu apende asipende? Nani alisimama mlangoni akasema huyu mtoto ataimba, kama ni lawama nipe mimi? Alipotoka nyumbani na begi moja alilala kwenye kochi la nani? Baba Kifurushi, bwana harusi mpya, alikuwa akinyata ndani ya nyumba yake mwenyewe ili shemeji asiamke!

Bi Mvuke kajaribu kunituliza. Pengine ni dada mwingine. Nimemwambia mama yetu kazaa wawili tu. Kasema, "Lakini wimbo mtamu, mwenzangu. Tusidanganyane."

Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Ni mtamu kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Nilisema sitausikiliza tena. Nimeusikiliza. Kifurushi ananyonya, mimi nimevaa hedifoni za baba yake.

Kwenye kiitikio kuna sauti ya pili. Haisemi maneno, inapita chini ya sauti ya Kijiko, inaibeba kama mtu anayemshika mwenzake kiuno wavuke maji. Nikasema hii naijua. Nikarudisha. Nikarudisha tena.

Ni mimi!

Kipindi kile yuko studio alinipigia, sauti ya pili imempotea, hajui aipitishe wapi. Nikajifungia bafuni maana ndiko kuna kimya, Kifurushi kifuani, nikamwimbia kwenye simu: aa-aa, hivi, panda, sasa shuka, hapa vuta pumzi. Nikairekodi, nikamtumia voisi. Ajifunzie! Kumbe wameichukua vilevile wakaibandika. Na ushahidi upo — kabla tu ya mwisho kuna chafya. Ndogo, kama ya paka. Wamejaribu kuifunika na ngoma. Nani asiyeijua chafya ya mwanawe?

Yaani wimbo unaosema nimemeza sauti umesimama juu ya sauti yangu. Haya ni maneno gani jamani!

Baba Kifurushi kaniona narudisha wimbo tena na tena, nimempa hedifoni. Kasikiliza mpaka mwisho. Kazivua taratibu, kaziweka mezani, kauliza: "Sasa, kabati ni mimi?"

Nimecheka mpaka mtoto kaachia ziwa. Halafu nikalia. Yeye kamchukua mwanawe, kambadilisha nepi, kaenda kumtembeza nje. Kabati la kwanza ninaloliona linabadilisha nepi.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaja. Nilidhani nitapata wa kunitetea.

Kaanza na picha ya jalada. Mgongo wote nje! Majirani wamemuuliza, kasema hamjui yule msichana. Kisha kanipapasa goti, kasema: "Afadhali wewe mwanangu. Wewe ulitulia. Nilikwambia kaa, ukakaa."

Nimehisi kama kanimwagia maji ya moto. Huyu naye! Kijiko ananiimba kwa kunihurumia, Mama ananisifu, na wote wawili wanasema jambo lilelile. Nilikaa lini? Huyu fundi wa kuchomelea mageti nilimchagua mimi, Mama akanuna msimu mzima. Kazi niliitafuta mwenyewe. Mtoto nilimtaka, nikamwombea. Nimemwambia hivyo. Kasema, "Ndiyo, ndiyo, nakusikia," huku anatafuta kijiko cha sukari.

Nimechoka, sikatai. Kuna siku nakaa chooni muda mrefu ili tu nisiitwe na mtu. Lakini kuchoka si kukunjwa. Halafu kukunjwa penyewe kuna ubaya gani? Tambara nani analikunja? Tunakunja kitu tunachokitunza. Hilo Kijiko analijua, maana alikulia humo humo. Mama alikuwa akiwafulia watu, na mashuka tukiyakunja mimi na Kijiko. Wewe ncha hizi, mimi ncha zile, mnarudi nyuma, mnakutana katikati. Tulikuwa tukiimba ili hatua ziende pamoja. Yeye juu, mimi chini. Mpaka leo akitaka kuimba lazima kwanza anyooshe mikono mbele, viganja juu. Mashabiki wanaiga, wanasema ni staili. Staili! Ni shuka lile!

Jumanne, 11 Machi

Kijiko kaja jioni na keki kubwa. Nimeiweka juu ya friji bila kuifungua.

"Dada, umeusikia?"

"Nimeusikia. Nimejisikia pia."

Kajidai haelewi. Kisha kasema yule si mimi hasa, ni mfano, ni wanawake wote, ndiyo sanaa ilivyo.

"Wanawake wote wanakunja mashuka ya hoteli?"

"Dada jamani."

"Wote wana mtoto anayepiga chafya bafuni kwangu?"

Hapo kaangalia chini. Kasema prodyuza alisikia ile voisi akasema hakuna atakayeimba vizuri zaidi, wakaiacha. Alitaka kuniambia. Siku zikapita. Nilidhani nimekasirishwa na kuchukuliwa sauti yangu, lakini hapana, ningempa hata koo lenyewe. Nimekasirishwa na maneno yaliyowekwa juu yake. Nimemwambia: umesimama mabegani kwangu unatangazia watu kwamba sina miguu.

Kanirudishia. Kasema mimi sijui ilivyo kuishi huku kila mtu ana ramani yako mkononi: Mama, walimu, prodyuza anayetaka apunguze mwili, watu wa mitandaoni wanaotaka aongeze. Hiyo albamu ndiyo pumzi yake. Nikamwambia pumua, nani kakuziba? Lakini umewakataza wote wasikupangie, halafu mimi ukanipangia. Tena mbele ya watu, kwa ala!

Kaondoka bila kumbusu Kifurushi. Haijawahi kutokea.

Keki tumeila baadaye. Nzuri. Nayo imenikera.

Alhamisi, 13 Machi

Msimamizi wa zamu kapita akasema, "Bi Kabati, mashuka ya ghorofa ya juu tayari?" Wote wakacheka. Bi Mvuke kamwambia ajaribu tena aone kola ya shati lake itakavyotoka kwenye pasi. Hakujaribu tena.

Lakini hilo dogo. Kubwa ni la redio. Kijiko kahojiwa pamoja na prodyuza wake. Mtangazaji kauliza: ile sauti ya pili kwenye Kabatini, inayosisimua hivyo, ni ya nani? Prodyuza kacheka. Kasema hiyo ni kompyuta tu, siku hizi mashine inatengeneza kila kitu.

Mashine! Inayovuta pumzi? Inayopiga chafya?

Nikasubiri Kijiko aseme kitu. Tumesubiri sote, pasi zimezimwa. Kasema, "Mmh." Basi. "Mmh." Halafu wakaenda kwenye tangazo la sabuni.

Bi Mvuke kaizima redio, kasema tu, "Haya, shika ncha."

Ijumaa, 14 Machi

Kesho ni uzinduzi wa albamu, alasiri. Kijiko ametuma tiketi za watu wote, hata Bi Mvuke. Hakuna neno lolote lililofuatana nazo.

Kifurushi katoa jino. Jeupe, dogo, kali. Kaniuma nalo papo hapo. Kila mtu ana meno siku hizi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia chumbani nyuma ya jukwaa, kwenye goti. Daftari lilikuwa kwenye mfuko wa nepi.

Asubuhi nafungua mlango, Kijiko huyo. Macho mekundu kunishinda mimi. Kasema jana kwenye mazoezi walicheza sauti yangu kutoka kwenye mashine. Inakwenda yenyewe tu. Akikawia haikawii, akivuta pumzi haivuti. Kaupoteza wimbo mara mbili, wapiga ala wakawa wanatazama viatu vyao.

"Mashine hainisubiri, Dada."

"Mwambie prodyuza wako aifundishe adabu."

Kachekea puani. Kisha kaniomba nije niimbe. Watanitegeshea maiki nyuma ya pazia, mtoto asiumizwe na mataa.

Nyuma ya pazia! Nimetolewa kabatini napelekwa paziani! Nimemwambia nikija nitasimama mbele, pembeni yake, watu waone sauti ina mdomo. Kasema sawa haraka haraka, kama aliyekuwa akisubiri niombe hilo. Nikamwambia bado. Ule mstari wa kumeza sauti.

Kaniambia watu wameshaushika, ukumbi mzima utauimba.

"Waimbe wao. Mimi uongo sitauitikia."

"Niseme nini basi? Niambie, niandike."

"Mtunzi ni wewe. Nikikuandikia mimi, nitakuwa nimekupangia. Sema ulichokiona. Muda wote ule uliolala kwenye kochi langu, ulikuwa umefumba macho?"

Kamchukua Kifurushi mikononi mwangu, kamnusa shingo. Kasema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtoto: alikuwa akiniona narudi kutoka kazini, nakaa kwenye kiti na viatu mguuni, naimba huku nimefumba macho. Akaogopa. Akasema moyoni, hivi ndivyo nitakavyokuwa.

"Kwa hiyo uliona naimba," nimesema.

Alipoondoka kambusu Kifurushi, miguu yote miwili.

Basi nimekuja. Blauzi yangu nzuri ina alama ya maziwa begani, nimeifuta ikawa kubwa zaidi. Baba Kifurushi yuko safu ya mbele na Mama. Mama kakaa kama yuko kwenye foleni ya hospitali, mkoba magotini. Kumbe naye kaja kwa yule msichana asiyemjua. Bi Mvuke yuko hapa nami, kampakata Kifurushi aliyelala fofofo katikati ya makelele haya. Nimechungulia. Pazia limefunguliwa lote. Maiki zimesimama mbili, sambamba.

Sharti la kwanza kalitimiza. La pili hajasema kitu, nami sikuuliza. Tumepishana koridoni, kanishika mkono, wake wa baridi. Prodyuza kanipa mkono naye, kasema karibu sana, mama. Nimemjibu mashine imefika.

Fundi mitambo kasema wimbo unaofuata ndio wetu. Nimeshaamua. Kiitikio kinaingia mara tu baada ya mstari ule. Akiimba "akaimeza," nitafunga mdomo. Na nisipoimba, watu wote waliomo humu watalisikia shimo lililoko chini ya sauti yake, na yeye atalisikia kwanza. Ninamwonea huruma tangu sasa. Nitafunga hivyo hivyo. Akiimba lingine, lolote la kweli, hata kama halina vina, nitaingia, nitambeba mpaka mwisho.

Wamewasha taa za buluu. Gitaa limeanza, polepole kuliko kwenye albamu. Watu wanapiga mayowe kwa sababu Kijiko kanyoosha mikono mbele, viganja juu. Wanadhani ni staili. Lakini leo hakuwanyooshea wao. Kageukia huku nilipo. Katulia, anasubiri nishike ncha zangu.

Bi Mvuke ananisukuma na kiwiko, inuka wewe, inuka. Naweka peni.

Kijiko bado hajafungua mdomo.