Neno Lililotoka Kwenye Mitumbwi Mitatu

Keza mjukuu wangu,

Amani ikufikie huko uliko. Huku Gisenyi tuko salama. Mama yako ameanza tena kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mdogo wangu Zaina tunakaa naye, ingawa hamkumbuki mtu yeyote sasa.

Unauliza neno "heyole" lilitoka wapi, katika lugha tuliyoitunga Zaina na mimi utotoni. Mwanzo tulikuwa na majina ya vitu tu, kila kimoja peke yake. Siku zile baba alikuwa ng'ambo ya mpaka, Goma, hatujui atarudi lini. Asubuhi moja wavuvi walikuwa wanarudi, mitumbwi yao mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, kama kawaida ya ziwa letu. Mmoja aliita "heyole!" na makasia yote yakazama pamoja. Mitumbwi mitatu ikawa kitu kimoja, kikubwa, kinapumua! Zaina akaninong'oneza:

"Mama heyole baba."

Tulikuwa tumepata neno la "na".

Jana nilikuwa namlisha uji, akanishangaa.

"We ni nani?"

Nikamwambia, "Zaina heyole..."

Akatabasamu, akamalizia jina langu.

Bibi zako,
Zaina heyole Amina