Mama Alipitia Mlango wa Jikoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ingawa ukiniona utadhani sina shida duniani, maana niliolewa miezi miwili iliyopita na mhasibu anayenimenyea machungwa na kuyatoa mbegu moja moja, na akiniita tu nasahau nilichokuwa nakifanya. Tulijuana kwa sababu mama yangu ni dobi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea mashati yake yakiwa bado na joto la pasi.

Jumamosi walinitembelea wake wawili wa mabosi wa mume wangu, wamekaa sebuleni na mikoba yao ya bei, mara mama akatokea, kwa mazoea yake ya kazi akapitia mlango wa jikoni na kuvua ndala nje, mmoja akaniuliza huyo ni nani, na mshauri, ulimi ukafa ganzi. Mama akanitazama, akatabasamu, akasema, "Nimefuata nguo za kufua, bibi." Bibi, mimi mwanawe. Nami nikaingia chumbani nikamkusanyia mashuka, akajitwika, akaondoka.

Sasa mume wangu, asiyejua lolote, amewaalika wageni walewale chakula cha Jumapili pamoja na mama. Mama ameniambia nisihangaike, atasema mgongo unamuuma. Nampenda mama, nampenda mume wangu. Nimkubalie?

Bi Harusi Mwenye Aibu

Binti yangu, hongera, na huyo mmenya machungwa mtunze. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Ulimi kufa ganzi humpata yeyote. Lakini mashuka uliyakusanya kwa mikono yako, akili ikiwa timamu. Mama yako aliona unakaribia kuumbuka, akajishusha ili wewe ubaki juu, na sasa yuko tayari kujishusha tena. Usimruhusu.

Leo mwambie mumeo yote, asije akayasikia mezani. Kesho nenda kwa mama, si kwa simu, umwombe radhi palepale anapopiga pasi, na asikukatize kwa "yameisha" kabla hujamaliza. Jumapili mngojee getini, mshike mkono, mwingize kwa mlango wa mbele na useme, "Huyu ndiye mama aliyenizaa. Siku ile nilimkana." Kisha pakua chakula. Wakikunja pua, pua ni zao.

Na akishikilia kwamba mgongo unamuuma, waambie wageni waje siku nyingine, wewe na mumeo mkale kwake.