Wamemuua Malkia Wetu

Kaka yangu,

Huku tupo. Paka amezaa tena ndani ya kabati la viatu, na fundi bomba ameahidi kuja kesho, ile kesho yake unayoijua.

Juzijuzi nimeitazama filamu ya kile kitabu chetu cha joka. Kinyaa kitupu! Joka lenyewe kama jogoo aliyenyonyolewa, na yule mchawi wetu bubu kutwa anapiga domo. Hayo ningeyameza. Lakini wamemuua malkia! Malkia wetu, ambaye kila Mama alipotusomea alirudi kutoka vitani akawafunika wanawe blanketi. Nilitoka ukumbini nikisonya, hadi mkata tiketi akaniuliza kama nimeibiwa. Nikamjibu, "Ndiyo!"

Nyumbani nikakishusha kitabu ili nipate ushahidi wa kuwatukana vizuri. Kumbe malkia anakufa humo humo kitabuni, na blanketi halimo kabisa. Mama alilitunga mwenyewe, mwaka ule tuliomzika Baba.

Nilimuuliza kesho yake, wodini. Ndiyo, kaka, amelazwa, nilikuwa nakuficha. Akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha. "Sasa mngelalaje?" akasema.

Daktari ameacha kutaja siku ya kumruhusu. Mama ameomba tumsomee kitabu kile, nami nimeshafika sura ya mwisho. Nimeifunga, nakungoja wewe. Njoo upesi, maana nikifika kwenye blanketi, peke yangu sauti haitatoka.

Mdogo wako,
Kidomo