Pikapu Inayokohoa Asubuhi

Nyumbani
Jumapili, tarehe 4 Mei

Mjomba mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: nataka kuitibu pikapu mwenyewe. Nimeliandika kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe nisiseme. Sasa shikamoo. Hujambo huko kambini? Mgongo unaendeleaje? Jenereta zinakutii? Sisi wazima. Mama mzima, mimi mzima, miche yake mizima. Mgonjwa ni mmoja tu.

Injini inamisi, kama mafundi wanavyosema. Ikiwashwa asubuhi inatetemeka kama mtu mwenye homa, na mlio wake una pengo: tu-tu-tu, kimya, tu-tu-tu, kimya. Ikibeba miche kwenye kilima cha sokoni inakata tamaa katikati. Juzi mama alirudi kinyumenyume mpaka chini huku anapigiwa honi.

Fundi wa kona alikuja mchana. Akaiwasha, ikanguruma bila kasoro. Alibadilisha plagi zote nne hivyo hivyo, akasema, "Mama, gari lako linadeka tu." Kesho yake asubuhi plagi mpya, kikohozi kilekile.

Sasa mfuga kuku wa mtaa wa juu anaitaka. Haitaki ili aiendeshe. Anataka kuing'oa magurudumu alaze kuku ndani! Mama amemwambia aje Jumamosi ya tarehe 17. Bila pikapu hakuna biashara ya miche, na amesema atarudi kuajiriwa kule ghalani. Unakumbuka alivyokuwa enzi za ghala? Alikuwa akirudi anavua viatu, anakaa, anatazama ukuta. Siku hizi anaimba akimwagilia. Anaimba vibaya, lakini anaimba.

Kazi ya kuipasha moto injini kila asubuhi ni yangu, kwa hiyo ufunguo ninao. Kitabu cha gari ulichotuachia nimekisoma mpaka sura ya tisa. Maneno yote nimeyaelewa, ila sijui nianzie wapi. Tafadhali usimwambie mama, atasema niangalie mtihani.

Barua hii nampa dereva wa tangi la mafuta kama kawaida. Laiti simu ingeshika huko.

Mpwa wako


Kambini
Jumatano, tarehe 7 Mei

Mpwa wangu, Profesa,

Marahaba sana. Mimi mzima. Mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama, na jenereta namba mbili ina maringo ya bibi harusi, lakini tunaelewana. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu mpaka mpishi akadhani nimepata mchumba.

Sasa sikiliza. Injini yenu ina silinda nne. Fikiria watu wanne wanatwanga katika kinu kimoja kwa zamu. Mmoja akiacha zamu yake ipite, unasikia pengo. Usitengeneze kitu kwanza. Mtafute asiyetwanga.

Gia iwe huru, breki ya mkono juu. Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya ya plagi ya kwanza. Washa, sikiliza, zima, rudisha. Nenda ya pili. Ukichomoa ya mchapakazi, injini itazidi kutetemeka. Ukichomoa ya mvivu, hutasikia tofauti, maana hakuwa anafanya kazi tangu mwanzo. Na uzime kila mara kabla ya kugusa! Umeme ule utakurusha mpaka kwenye banda la huyo mfuga kuku.

Ukishampata, hamishia plagi yake kwa mwenzake. Ugonjwa ukihama, plagi ndiyo mbaya. Usipohama, jaribu waya. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, halafu sikiliza. Ukibadilisha viwili, gari litapona na hutajua lilikuwa linaumwa nini.

Siri yako naitunza. Ila dada yangu namjua, anawaka upesi na anazima upesi. Usimwogope sana.

Mjomba wako


Nyumbani
Jumatatu, tarehe 12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia. Sisi wazima kwa miili, ila nyumba ina ukimya, na sababu ni mimi.

Nianze na zuri. Jumamosi asubuhi mama akiwa uani nyuma nilifanya ulivyosema. Ya kwanza, injini ikatetemeka zaidi. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu: hakuna tofauti! Nilitaka kupiga kelele, lakini unanijua, nilikohoa tu. Jioni nikarudia ili nifurahi tena. Wote wanne wanatwanga, hata yule wa tatu! Nilidhani nimeota. Jumapili asubuhi, wa tatu amelala tena. Nikaipeleka plagi yake silinda ya kwanza. Mvivu akabaki wa tatu. Basi plagi haina hatia.

Leo nikajaribu waya. Nilizichomoa ya tatu na ya nne kwenye plagi, nikazibadilisha, nikawasha. Mjomba, ekzosi ilipiga mlio kama bunduki. Jirani alitoka na mwiko mkononi. Mama alikuja mbio na mpira wa maji, hakukumbuka kuufunga, akanilowesha mpaka soksi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mtu."

"Huyo hakuna mtu ndiye kakufundisha kufungua boneti?"

Nilirudisha waya mahali pake, akaibamiza boneti, akachukua ufunguo. Amesema mpaka Jumamosi hakuna wa kuigusa pikapu, wala kupita karibu nayo mwenye spana mkononi, wala kuitazama kwa jicho la kifundi.

Nimekosea wapi? Na kwa nini wa tatu anaumwa asubuhi na kupona jioni? Nijibu upesi, Jumamosi inakuja.

Mpwa wako


Kambini
Jumatano, tarehe 14 Mei

Profesa wangu,

Marahaba, na pole kwa soksi. Mimi mzima, ila leo sina maneno mengi, tangi linaondoka sasa hivi.

Hujaua kitu. Ulibadilisha waya upande wa plagi ukasahau upande wa pili, kwenye distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa zamu, zinakotokea. Wa tatu akaitwa kwa zamu ya wa nne, wa nne kwa zamu ya wa tatu, ndiyo vurugu ile. Mimi nilifanya hivyohivyo mwaka wangu wa kwanza, na fundi wangu akanichapa na tambara la grisi mbele ya wateja.

Anaumwa asubuhi, anapona jioni. Hapo ndipo pa kutafakari. Kuna kitu kinakaushwa na jua. Nahisi maji, yanayoingia kwenye waya yenye ufa. Yanatoka wapi sijui, mimi niko mbali. Wewe uko hapo. Mama akiruhusu, washa injini ikiwa kavu, simama hatua moja nyuma, usiguse chochote, nyunyizia waya moja moja kwa ile chupa yake ya miche. Penye ufa itakohoa papo hapo.

Lakini mwambie kwanza. Najua kwako kuongea ni kazi kuliko kufungua injini.

Mjomba wako


Nyumbani
Jumapili, tarehe 18 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo mchana. Tangi lilikwama kwenye matope siku tatu, dereva mwenyewe kaja na suruali ngumu kama ubao. Mambo yalikwisha jana. Ngoja nikueleze yote kwa mpangilio.

Kwa kuwa nilikatazwa kuigusa, nilikaa kizingitini na kitabu cha jiografia nikawa naichungulia kwa juu ya kurasa. Ulipoondoka hapakuwa na rafu ya miche ukutani. Mama aliipigilia mwezi wa tatu, juu kabisa ya mahali pikapu inapolala. Alisema miche michanga ipate kivuli na gari lipate kivuli. Kila asubuhi anaanza kumwagilia hapo. Ijumaa niliona maji yanachuruzika kutoka kwenye trei, yanatua juu ya boneti, yanaingia kwenye lile tundu la kutu. Mama alikuwa anaimba. Niliangalia tundu, nikaangalia mama, nikageuza ukurasa.

Jana mfuga kuku alikuja mapema na kamba ya kuivutia pikapu. Ni mtu mwema kwa kweli. Alizunguka akigonga bodi kwa vidole, "Hapa watataga, hapa watalala." Mama alikuwa amesimama na ufunguo, haimbi.

Nikasema, "Mama, ni miche."

"Miche imefanya nini tena?"

"Inamwagikia. Rafu. Nifungulie boneti. Nitaonyesha, nikikosea nitanyamaza mwaka mzima."

Mfuga kuku akacheka. "Huyu akinyamaza mwaka mzima mtajuaje?"

Mama akafungua boneti mwenyewe. Moja kwa moja chini ya tundu kulikuwa na waya ya tatu, na juu yake mstari mweupe kama chaki, kwa sababu maji ya mama yana mbolea. Nikamwomba awashe. Ikakohoa. Akazima. Nikaifuta waya na kile kikombe cha mpira kinachofunika plagi kwa kitambaa, tukaacha jua lipige, mfuga kuku akapewa kiti na chai. Tulipowasha tena, mjomba, hakuna pengo! Ili nihakikishe, bila kujua nawe umeniandikia hivyohivyo, nikachukua chupa ya kunyunyizia miche, nikasimama nyuma, nikapuliza ile waya. Ikatetemeka hapohapo, na cheche ndogo ya bluu ikaruka kutoka kwenye ufa.

Mama alikaa kwenye kreti. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa naliua?"

"Hukuliua, mama. Ulilimwagilia."

Niliogopa nimevuka mpaka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mfuga kuku akacheka, ila yeye kwa huzuni kidogo. "Sasa kuku wangu nawaambia nini?" Mama akamwahidi mbao za kujengea banda, naye akakunja kamba yake akaondoka.

Tulipita kwa fundi wa kona, akafunga waya mpya. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia tulibahatika kuitazama asubuhi, yeye aliitwa mchana, akaridhika.

Kisha tukarudi nyumbani. Nilishusha trei zote, nikang'oa rafu, tukaipigilia upya kwenye ukuta wa uani. Nikaziba tundu la boneti kwa kipande cha bati na gundi. Tukapakia miche ya mipapai mpaka juu, tukapanda kilima kwa gia ya pili bila kusimama. Sokoni nilifungua bodi, nikaanza kupanga miche chini kwa urefu. Mama alikwenda kutafuta chenji. Mteja akaja akaniuliza mpapai unaanza kuzaa baada ya muda gani, na upandwe mbali kiasi gani na ukuta. Nikamjibu yote mawili bila kukohoa hata mara moja, nikamchagulia miwili iliyonyooka, nikamfungia kwenye gazeti.

Mpwa wako