Ubeti ambao sikuufikia

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi hapa Moshi mjini, mlima umejificha, na nina mashaka hata na kahawa niliyokoroga mwenyewe.

Wiki nzima watu wanaisifia albamu mpya ya Jiwe Moja, rapa wa Dar. Nimeandika kuhusu albamu za hip hop hapa bloguni kwa miaka kadhaa, na sifa zikifanana neno kwa neno huwa nahisi kuna mtu amezigawa. Biti ni nzito, kweli. Lakini nyimbo nne za mwanzo ni magari na cheni tu, na anazichana kama anasoma matangazo ya kanisani.

Kisha unakuja wimbo wa tano, na anakuwa mtu mwingine kabisa.

Ubeti wa pili ni mama mgonjwa wa Kibosho, amelala karibu na dirisha ili amsikie ng'ombe wake akitafuna majani. Ng'ombe anaitwa Sista kwa sababu ana kichwa cheupe kama kitambaa cha mtawa.

Sista alikuwa ng'ombe wa mama yetu.

Mama alifariki mwaka jana. Mdogo wangu Deo ndiye aliyemuuguza, na Deo anaandika mistari tangu sekondari. Sikuhitaji kusikiliza zaidi. Nilizima simu nikaandika makala kali: huyu mtu ni mwizi. Jana nikapanda nyumbani Kibosho kumchukua Deo awe shahidi.

Nilimkuta anapunguzia migomba majani. Nikamwambia ameibiwa.

"Sijaibiwa, dada. Nilimtumia mwenyewe."

Jiwe Moja na wenzake walikuja kurekodi video kwenye maporomoko ya maji, Deo akawaongoza njia, wakabadilishana namba. Nikamuuliza wamemtisha kwa kitu gani. Nikamuuliza kwa nini jina lake halipo kwenye orodha ya watunzi. Akasema lipo, nikaangalia, lipo kweli.

"Umeusikiliza ubeti wa tatu?" akauliza.

Sikuwa nimeufikia.

Akaufungulia kwenye simu yake, palepale shambani. Ni binti anayekaa mjini, chini tu ya mlima. Kila wiki anapiga simu kusema Jumamosi anakuja. Kila Jumamosi mama anaomba avalishwe kitenge kizuri. Jioni anavuliwa, kinakunjwa.

Sikujua habari za kitenge.

"Ni mimi huyo?"

"Ni wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nakulaumu."

"Unanilaumu?"

Alilifuta panga kwa jani, taratibu, pande zote mbili. "Ndiyo," akasema. Kisha: "Twende ndani, kuna mtori."

Tulikula ile supu ya ndizi. Mtori ulikuwa mtamu, nami nilikuwa nauma meno nisilie mbele yake.

Leo nimeifuta ile makala. Maoni yangu kuhusu albamu ni haya: ni ya kawaida, isipokuwa ubeti mmoja ambao ni wa kweli kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na sijui kama nitaweza kuusikiliza tena.

Nimekuwa hodari wa kunusa uongo wa watu nisiowajua. Je, ni kwa sababu ni rahisi kuliko kupanda daladala moja na kuingia nyumbani kwetu?

Wakati naondoka jana nilimwambia Deo nitarudi wiki ijayo. Aliniangalia kama ninavyowaangalia marapa.

Nitakwenda bila kupiga simu.