Nimeungama kwa Kuimba

Mdogo wangu Veronika,

Salamu kutoka Likasi. Posta imelala, kadi hii unaletewa na dereva wa lori la saruji wa kiwanda cha Kakontwe.

Uliniacha hospitalini ukilia, kwa sababu kiharusi kilinifunga ulimi, nami nilitaka kuungama kwa mdomo wangu kabla sijafa. Dawa hakuna, lakini muuguzi Maman Béa anatutibu kwa nyimbo. Usifikiri ni kinanda na kwaya. Anakushika mkono, anaupigapiga polepole gotini, mnaimba maneno ya kila siku, “ni-pe ma-yi” ukitaka maji, wiki baada ya wiki, mpaka yanatoka mdomoni.

Jana padri alifika kitandani, nikamwimbia dhambi zangu, maana kusema bila wimbo bado siwezi. Wodi nzima ikatega masikio.

“Mama, imba chini-chini, bantu banasikia!” akanong'ona.

Mzee wa kitanda cha jirani akamdakia padri: “Mon père, muache aimbe! Ile ya tatu, hata miye niko nayo!”

Nilizimaliza zote mwenyewe.

Ubaki na amani, mdogo wangu, uwakumbatie watoto. Tangu jana nina dhambi moja mpya, kiburi, na sina haraka ya kuitubu.

Dada yako mkubwa, yaya wako,
Ernestina